Birika la Mto

Msinicheke ninapojiita mstaafu. Najua ndevu zangu bado hazijajaa kidevu, na wengi wenu hapa kanisani mnaniita kaka, si baba. Lakini mtu akiacha kazi kwa sababu mwili umesema basi, huyo amestaafu, hata kama mama yake bado anamuuliza ataoa lini. Mwili wangu ulisema kupitia vidole. Baridi iliviuma vidole vya mkono wa kushoto, si sana, lakini daktari alivigeuzageuza akasema hivi vimeshaonja barafu ya kutosha, tafuta kazi ya ndani. Sasa nafua mashuka ya hospitali hapa Saint Paul, mahali pa joto, na jioni nanukia sabuni kama mtoto mchanga. Namshukuru Mungu. Ila mashine zinapozungusha maji, kuna wakati nasimama tu kuzitazama, mpaka mwenzangu ananiuliza, "Bahati, umerudi tena mtoni?"

Nimerudi, ndiyo. Leo nataka twende wote.

Mchungaji ametuomba tuwaandikie ninyi vijana juu ya kazi tulizofanya katika nchi hii. Wengine watawaandikia juu ya malori na viwanda vya nyama, hayo mnayajua. Mimi nitawaandikia juu ya kulaza boti majini wakati wa baridi. Najua mnaelewa Kiswahili vizuri hata kama mnajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo asiwepo wa kusema hakusikia.

Pale chini ya mji, Mississippi inapopinda, kuna bandari ndogo ya boti. Majani yakianza kuanguka, boti nyingi hutolewa majini na kuwekwa juu ya magogo mpaka masika. Lakini zipo chache ambazo wenyewe wanaishi ndani mwaka mzima. Wanapika humo, wanalala humo, wana paka humo. Boti hizo hubaki majini hata mto unapoganda ukawa kama barabara. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha zinaendelea kuelea.

Aliyenifundisha ni Papa Elisha. Wengi mnamjua kama yule mzee anayelala kwenye mahubiri huku amefumbua macho. Kule Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, alikuwa fundi wa boti za mbao kabla vita havijamtoa. Barafu aliyoijua ilikuwa ile ya kwenye glasi ya soda, tena harusini. Aliniambia siku yake ya kwanza bandarini alimuuliza bosi, "Maji yakiwa jiwe, boti inaelea juu ya nini?" Bosi akacheka sana. Papa Elisha hakucheka. Alingoja jibu, na mpaka leo anasema lile ndilo swali lenyewe la kazi hii, mengine yote ni kamba na plastiki.

Nianze na plastiki. Boti hujengewa mbavu za mbao juu ya sitaha, halafu inafunikwa plastiki nyeupe, na ile plastiki inapitishiwa moto wa gesi mpaka inajikaza kama ngozi ya ngoma. Kazi nzuri sana. Ukimaliza, boti inaonekana kama mkate wa maziwa. Sasa, sisi tuliokulia kambini tunajua neno moja tu juu ya plastiki: tundu ni adui. Kule kambini Nyarugusu, hema lilipotoboka, hakuna aliyelala mpaka limezibwa. Kwa hiyo vuli yangu ya kwanza nilipoona matundu ya hewa kwenye plastiki ya boti ya watu, nikayaonea huruma. Nikayaziba yote kwa utepe wa gundi, vizuri kabisa, hata nikapiga picha nimtumie mama.

Mwenye boti akapika maharage. Mvuke ukapanda, ukaganda juu kwenye plastiki. Jua likatoka, na mvua ikanyesha kitandani kwake.

Papa Elisha akaja, akatazama juu, akatazama kile kitanda. "Petit," akasema, yaani mdogo wangu kwa Kifaransa chake, "boti umeifunga kama maiti. Hii iko inapumua."

Kamba nazo. Mtu wa shamba akiona kamba iliyolegea, mkono unamuwasha aikaze, kama anafunga mbuzi. Boti si mbuzi. Mto unapanda na kushuka hata chini ya barafu, na kamba iliyokazwa sana itaivuta boti ubavu mpaka maji yapate mahali pa kuingilia. Iachie nafasi. Theluji ikianguka juu ya plastiki, ipunguze huku na huku, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama unawagawia nyama watoto mapacha. Ukimaliza upande mmoja kwanza, boti inalala ubavu na vikombe vya watu vinavunjika. Na bomba la maji ya kunywa usilipitishe hewani hata siku moja. Lizamishe, lilale chini kabisa mtoni, chini ya barafu, huko halitaganda. Hilo nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani wananitania. Nilikuwa sijajua bado kwamba wakati wa baridi, mahali pa joto ni chini ya mto.

Na hapo ndipo kwenye siri yote ya kazi. Maji ya chini yana uvuguvugu kidogo kuliko ya juu. Ukiyapandisha, yanakula barafu. Kwa hiyo chini ya boti huning'inizwa mashine yenye panga kama za feni, inayosukuma maji ya chini yaje juu, mchana na usiku. Kuizunguka boti maji yanabaki wazi, yanapanda, yanarukaruka, na kwenye baridi ile yanatoa moshi mweupe. Ukitazama kutoka gatini utaapa kwamba yanachemka. Wamarekani wana jina lao la mashine ile, lakini ulimi wa Papa Elisha ulikataa kulitamka, akaiita birika la mto. Asubuhi alikuwa anapita kwenye gati akiniuliza kwa sauti, "Birika?" Nami nilikuwa namjibu, "Linachemka."

Bata pia walilipenda birika. Mto mzima ukiwa umeganda, wao walijazana kwenye yale maji yaliyoizunguka boti, wakaogelea kama wako mahali pa starehe. Papa Elisha alikuwa anasema, "Bata akiogelea, kunywa chai yako. Bata akisimama, kimbia."

Nakuja sasa kwa Mzee Walt.

Mzee Walt alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, mjane, mikono mirefu, masikio yamechoka kwa uzee. Alikuwa akiishi kwenye boti yake tangu mke wake alipofariki. Piano haikuingia mlangoni, kwa hiyo alibaki na kinanda kidogo cha kukunja. Jioni alipenda kuweka kiganja ukutani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sisikii tena vizuri, lakini mashine yenu inaimba noti moja usiku kucha, naisikia kwa mkono. Nikiisikia nalala."

Vuli moja alianguka gatini, nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali, binti yake Linda alikuwa ameshamwandalia chumba nyumbani kwake Woodbury, chini, bila ngazi, na reli ya kushikia bafuni. Linda si mtu mbaya, msimuwaze vibaya. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtoto kwa mzazi wake haina adabu. Mzee Walt akakataa. Wakabishana mbele yetu, sisi tukijifanya tunafunga kamba, mpaka wakakubaliana hivi: atakaa botini majira yale ya baridi, atakuwa na mtunzaji wa kumsaidia mchana na usiku, na boti ikipata shida hata mara moja, anahamia Woodbury bila maneno.

"Woodbury ni pazuri," Mzee Walt aliniambia Linda alipoondoka. "Tatizo lake, haielei."

Akageuza uso kwenye dirisha. Mimi nina moyo mwepesi, mnajua. Nilikwenda nyuma ya plastiki nikajifanya natafuta nyundo.

Mtunzaji wa kwanza hakuweza kulala juu ya maji, akaacha. Aliyekuja baada yake ndiye Dada Njeri, Mkenya wa Coon Rapids, mama wa watoto wakubwa, mtu wa kucheka na wa chai. Chai yake ilikuwa chai hasa, ya maziwa, tangawizi mpaka puani. Mzee Walt alikunywa kikombe cha kwanza, akafunga macho, akauliza kama amebakisha kingine. Njeri alikuja botini wiki ileile baridi kali ilipofika, ile inayoua betri za magari. Shule zikafungwa. Ijumaa bosi akatuambia tukae nyumbani, ila kila mmoja apige simu kwa boti zake.

Nikampigia Dada Njeri. Tulisalimiana kama mnavyojua tunavyosalimiana, mpaka habari za mama yangu na za magoti yake. Halafu nikauliza lililonipigisha simu.

"Dada, birika liko sawa? Maji yanachemka?"

"Yanachemka vizuri. Kwani unakuja?"

"Leo siwezi, gari limekataa kuwaka."

"Pole. Basi yako nitakuwekea."

Nikafikiri, Wakenya hawa wana upendo. Nikakata simu, nikalala mchana, nikaota boti nitakayojijengea mwenyewe siku moja, yenye bustani ya mchicha juu ya paa, niteremke nayo mto mpaka mahali pasipo na theluji. Bado naiota, kama mnataka kujua.

Jumamosi asubuhi Papa Elisha alinipitia na gari lake. Linda alikuwa aje saa sita kumwona baba yake na kuikagua boti. Jua lilikuwa kali, lile jua la hapa lisilo na joto. Tulipoingia gatini Papa Elisha akasimama.

"Bahati. Ona bata."

Bata walikuwa wamesimama. Wote, karibu na boti ya Mzee Walt, mguu mmoja juu, wanabadilisha, juu ya barafu nyeupe iliyofika mpaka ubavuni mwa boti. Hakuna moshi. Hakuna maji.

Sasa niwaambie jambo ambalo Papa Elisha alinifundisha siku ya kwanza kabisa. Unapokanyaga boti, unapiga hodi kwa mguu. Boti iliyo hai inainama kidogo, kama inakuambia karibu. Nimekanyaga boti nyingi na kila moja ina karibu yake, kuna yenye haraka na kuna ya kivivu. Asubuhi ile niliikanyaga boti ya Mzee Walt na haikunijibu. Ilikuwa kama kukanyaga sakafu ya kanisa.

Dada Njeri akafungua mlango na kikombe mkononi. "Karibuni. Chai yako ya jana nilimpa mzee, usinilaumu."

"Dada, birika limezima."

"Birika?" Akageuka kutazama jikoni. "Lile la umeme? Hilo limezima tangu jana asubuhi. Niliwasha hita ya miguu ya mzee, nikawasha na birika, stima ikapotea upande huu wote. Nikaweka sufuria kwenye gesi. Si nilikuambia yanachemka?"

"Nilikuwa nauliza ya nje."

"Ya nje." Akachungulia nyuma yangu. "Bahati, nani anachemsha maji nje, kwa baridi hii?"

Papa Elisha alianza kucheka taratibu, mabega tu. Lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa kwenye barafu. Mashine ya nje ilikuwa inakula umeme mmoja na jikoni. Hita na birika la chai vilipowashwa pamoja, swichi ya gatini ikaanguka, na birika la mto likazima kimya chini ya maji. Sikuwa nimemweleza Dada Njeri jina letu lile. Kwake birika lilikuwa moja tu, na maji yalikuwa yanachemka kweli.

Mzee Walt alikuwa kitandani, kiganja ukutani. "Nilimwambia tangu jana nyumba imenyamaza," akasema. "Akaniambia ndiyo, kuna utulivu mzuri."

Halafu akauliza ni saa ngapi.

Papa Elisha akazima hita, akairudisha ile swichi. Tukasikia chini kabisa mngurumo mdogo, noti ile moja. Mzee Walt akafumba macho. Lakini birika lililolala linahitaji muda kula barafu ya mchana na usiku, na saa sita ilikuwa inakuja. Nikachukua shoka.

"Weka chini," Papa Elisha akasema. "Ukipiga barafu iliyoshika boti, umepiga boti."

Akanipa msumeno mrefu wa barafu. Tukaanza kukata mbali na ubavu, umbali wa mkono uliojinyoosha, tukizunguka taratibu, vipande tunavisukuma chini ya barafu ya nje. Kazi ile haitaki nguvu, inataka subira, na vidole vyangu vilianza kunisimulia habari zao. Kati yetu na boti ukabaki mkanda wa barafu, nao tukauachia birika. Dada Njeri akatoka nje na sufuria kubwa inafuka moshi.

"Haya, maji yenyewe ndiyo haya. Yanachemka. Nimwage wapi?"

"Mama, hapana," Papa Elisha akasema kwa upole. "Ukimwaga hapa, hayajafika yameganda, na mimi ndiye nitaanguka, nivunjike kama mzee wako. Tia majani."

Akatia majani.

Ule mkanda wa barafu ukaanza kuwa wa kijivu. Rangi hiyo ikumbukeni. Barafu nyeupe imelala, barafu ya kijivu inaondoka. Tundu likatokea karibu na usukani, dogo kama sahani, na moshi ukapanda humo. Bata mmoja akaja kulitazama. Papa Elisha akalegeza kamba zote, maana boti inapoachiliwa hujitikisa, na ikikuta kamba imekaza inaumia. Halafu akakagua ngama, kule chini maji yanakotuama, akiwa na tochi mdomoni. Pakavu. Mto haukuwa umepanda usiku ule. Mungu ni mwema.

Gari la Linda likaingia. Upande wa gati maji yalikuwa wazi, lakini upande wa mtoni barafu ilikuwa bado imeng'ang'ania, na boti ilikuwa bado sakafu ya kanisa. Nilimwambia Papa Elisha, tumwambie nini. Akasema, "Sisi? Hii nyumba iko na mwenyewe."

Ndani, Mzee Walt alikuwa ameshanyanyuka. Njeri alimvalisha sweta, akamkalisha mezani, akamwekea kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Chai ilikuwa imetulia kama kioo. Mzee alikuwa akiitazama ile chai, hakuwa akitazama mlango. Tulisikia viatu vya Linda kwenye gati, vikija, vikisimama. Nadhani aliona msumeno na barafu iliyokatwa.

"Baba?" akaita kutoka nje. "Kuna nini hapa?"

"Tulikwama jana," Mzee Walt akajibu kwa sauti, hakuficha hata neno. "Nilikuahidi, na ahadi naijua. Ingia tuzungumze."

Nilimwona Dada Njeri ameshika kitambaa cha vyombo kama anakikamua. Halafu Linda akakanyaga boti.

Chai ikatetemeka. Ukatokea mlio mrefu upande wa mtoni, kama mtu anayechana kitambaa kipya, boti ikainama kidogo kuelekea mguu wake, ikanyanyuka, ikainama tena. Chai ikamwagika, ikapita mezani mpaka kwenye mkono wa Mzee Walt. Hakuufuta. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanateremka kwenye mikunjo.

Linda alikuwa ameshika mlango asianguke. "Ni nini hicho?"

"Umeingia nyumbani," baba yake akasema. "Nyumba imekukaribisha."

Papa Elisha hakuelewa Kiingereza chote, lakini hilo alilielewa. Akavua kofia.

Linda alikaa. Njeri akampa chai. Akasikiliza habari yote, birika la ndani na birika la nje, nami nilimtafsiria vizuri kwa sababu niliona kwamba mambo yote yalikuwa hapo. Nilipofika kwenye "nani anachemsha maji nje, kwa baridi hii," akaweka kikombe chini akacheka mpaka akajishika kifua, na nafikiri hofu yake nyingi ilimtoka hapo. Hakusema baba yake atabaki. Alisema tu kwamba birika la mto lipewe umeme wake peke yake, na kwamba yeye atapiga simu kila asubuhi. Papa Elisha akavuta waya mpya mchana uleule. Nje bata walikuwa wameanza kuogelea.

Mzee Walt alikaa botini majira yale, na mengine tena, mpaka ikafika masika ambayo aliamua mwenyewe kupumzika Woodbury, akiwa amebebewa kile kinanda chake. Hiyo ni habari nyingine, na si ya huzuni kama mnavyodhani.

Kwa hiyo ninyi mtakaofanya kazi pamoja na watu wa Kiswahili kingine, wa Kenya, wa Kongo, wa Tanzania, msiamini neno kwa sababu tu wote mnalijua. Ulizeni tena, hata kama mtaonekana wajinga. Mimi siku hizi mama akiniambia maji yanachemka, mdomo wangu unauliza wenyewe yapi.

Na Linda alijifunza. Dada Njeri ndiye aliyenisimulia, akimuigiza sauti. Kila asubuhi, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza baba ameamkaje, simu ilikuwa inaita kutoka Woodbury, na yule mama wa Kimarekani anauliza kwa neno lake moja la Kiswahili, "Chemka?"

Njeri anamuuliza, "Ndani au nje?"

"Nje kwanza," Linda anasema.